Kisanduku cha Kijani Kwenye Kiti cha Bibi

Mchana wa harusi ya Subilaga, kamera yangu ilikataa kumwona bibi yake.

Sikushtuka mara moja. Kamera hukosea. Nimepiga picha za harusi Tukuyu na vijiji vyake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na makosa ya kamera nayajua kama mtu anavyojua kukoroma kwa mkewe. Nikaishusha, nikafuta lenzi kwa ncha ya shati, nikaiinua tena.

Bibi Tupokigwe alikuwa meza ya mbele, upande wa ukoo wa bibi harusi. Mwili wake ulikuwa umelala hospitali Mbeya, mapafu yamechoka. Aliyekaa ukumbini alikuwa kivuli chake: mwanga unaotoka kwenye fremu ya kiti na kusimama kama mtu mzima, wenye mgongo, wenye mabega, wenye kitenge cha zambarau na kilemba. Ungeweza kumzunguka ukaona kisogo chake. Hakuwa peke yake. Shangazi mmoja alihudhuria hivyohivyo akiwa Muscat. Kaka wa bwana harusi, fundi bomba, alikuwa kwenye kituo cha Mwezini. Mawimbi ya kutoka huko huchelewa kidogo, kwa hiyo MC alipotania, ukumbi mzima ulicheka, ukanyamaza, ndipo yeye akacheka peke yake. Watu wakamcheka kwa hilo. Wakamaliza, naye akaanza tena. Ikawa burudani ya bure.

"Kamera!" MC akaita kwenye kipaza sauti. "Umekuja kupiga picha au kunusa pilau?"

"Vyote viwili," nikasema.

Mama mmoja mnene wa meza ya tatu akanishika shati. "Fundi, tupige na sisi. Ila usitunenepeshe."

"Mimi sinenepeshi mtu. Hayo malizaneni na ndizi."

Wakacheka, wakakaa vizuri, wakapandisha vilemba. Nikawalenga. Kwenye kioo cha kamera visanduku vya kijani viliruka machoni pao, kimoja kwa kila mtu, upesi kuliko nzi kwenye embe. Nikamlenga fundi bomba wa Mwezini. Kijani. Shangazi wa Muscat. Kijani. Nikamrudia Bibi Tupokigwe.

Hakuna.

Kisha kikaja. Kilikaa juu ya jicho lake la kushoto kwa muda wa pumzi mbili, kikaondoka. Kwa pumzi hizo mbili kivuli kilikatiza maneno, kisha kikaendelea kutabasamu na kumwambia mgeni jirani yake kwamba mvua za mwaka huu zimewahi.

*

Lazima niseme kamera inavyoona. Bila hilo hutaelewa kwa nini baadaye nilishtuka.

Niliacha shule darasa la sita. Haya nimeyajua kwa kufungua kamera zilizokufa na kwa kuuliza bila aibu. Kamera za kwanza kujilenga zenyewe zilikuwa zinapapasa. Lenzi inakwenda mbele, picha inafifia. Inarudi nyuma, picha inakolea. Inapitiliza, inarudi tena, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kizamani. Mwishowe inapata, lakini bibi harusi ameshafumba macho.

Zikaja zinazogawa mwanga. Nyoosha kidole mbele ya pua, funga jicho moja, kisha badilisha. Kidole kinaruka. Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Kamera inafanya vilevile. Mwanga uliopita upande wa kushoto wa lenzi unapokelewa kwake, uliopita upande wa kulia unapokelewa kwake, na kamera inazilinganisha picha hizo mbili. Zikiachana, inajua lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Haipapasi tena, inakwenda moja kwa moja. Zikikutana, imefika. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado hilo linanistaajabisha. Kipande cha kioo kinajua ulipo kwa kukutazama kutoka pande zake mbili.

Kisha zikafundishwa kutambua jicho la mtu. Hapo likatokea jambo ambalo waliozitengeneza hawakulitegemea, maana wao hawavai kama sisi. Sisi misiba yetu ina fulana zenye picha ya marehemu. Jubilei za kanisa zina vitenge vyenye sura ya askofu. Kamera ikifika hapo inamwacha mama mwenyewe, inamlenga askofu aliyekaa kiunoni. Nimewahi kurudi nyumbani na picha za kwaya nzima ambamo makalio yameonekana vizuri kuliko sura.

Wakarekebisha. Jicho la mtu aliye hai halitulii. Hata ukilikaza, linatetemeka, mtetemeko mdogo ambao mwenyewe huusikii. Na damu ikipita, ngozi ya kope inapanda na kushuka, chini ya unene wa unywele. Ukilala, kope inapiga vilevile. Kamera za sasa zinapima umbali mara maelfu kwa sekunde, kwa hiyo zinauona mwendo huo. Jicho lenye mtetemeko linapewa kisanduku. Askofu wa kitenge hapewi.

Kivuli cha mtu aliye hai kinaubeba mtetemeko wake. Mashine iliyo mbele ya uso wake huko aliko inauchukua na kuutuma pamoja na sauti. Ndiyo maana fundi bomba alipata kisanduku. Damu yake ilikuwa inapiga ndani ya ukumbi wa Tukuyu baada ya kuvuka mbingu tupu. Mtu asiposhangaa hapo, sijui anangoja kushangaa nini.

Sasa, mawasiliano yakiyumba kivuli hakigandi kama sanamu. Kiti kinajaza pengo. Kimeshajifunza mtu wake anavyoongea, anavyocheka, anavyoinamisha shingo, na kinaendelea kumwigiza mpaka arudi. Sheria inataka taa ya njano iwake chini ya kiti, ili watu wajue wanaongea na kiti.

Nikaenda nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Chini ya kiti cha Bibi mtu alikuwa ameegesha shada la maua. Nikalisogeza kidogo. Taa ya njano iliwaka, ikazimika, ikawaka. Pembeni yake taa ya bluu ya mtandao ilikuwa imetulia kabisa. Mawasiliano yalikuwa mazima.

Kilichokuwa kinakatika si mtandao.

*

Mjomba wa bibi harusi, Ambwene, alikuwa kwenye mlango wa jikoni anapanga kreti za soda. Tumekua pamoja, tumetega panya wa shamba pamoja. Alikuwa na kifungulio cha chupa mkononi na jasho kwenye kola, ingawa Tukuyu ilikuwa na baridi yake ya kawaida.

"Ambwene. Mama yako hajambo?"

"Si yule pale, unamwona."

"Mimi namwona. Kamera haimwoni."

Akaweka kreti chini taratibu. Akatazama jikoni, akatazama ukumbini, akanivuta nje penye masufuria.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na kamera."

"Hospitali walipiga simu tukitoka kanisani," akasema. "Moyo unasimama, unarudi, unasimama. Hawaoni kama atafika jioni. Dada yangu mkubwa yuko naye."

"Subilaga ameambiwa?"

"Aambiwe ili iweje? Wewe umezaliwa wapi, Asajile? Msiba ukija siku ya harusi, unakaa nje mpaka masufuria yateremke. Mzee wenu alipofariki, si dada yako alilishwa keki kwanza?"

"Alilishwa. Lakini mzee hatukumleta ukumbini aongee."

"Ni kuficha tu."

"Kuficha ni kunyamaza. Wewe umeweka maua juu ya taa."

Akageuza kifungulio mkononi, akakigeuza tena. "Mama mwenyewe aliniambia jana. Harusi isisimame kwa ajili yangu. Maneno yake, kwa kinywa chake."

"Alisema kiti kimbariki mjukuu wake?"

Akachungulia ukumbini.

"Maana baada ya keki ni baraka," nikasema. "Msichana atapiga magoti pale."

"Najua ratiba, niliiandika mimi." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Sikiliza. Yule mtoto amelelewa na mama yangu tangu hajui kutembea. Akisikia, atavua viatu, atapanda gari. Kabla hajafika Mbeya mama atakuwa ameondoka. Hatamkuta, na ukumbi ataukuta mtupu. Atakosa vyote viwili. Nimeligeuzageuza hili kichwani tangu kanisani. Kama wewe una njia nyingine, nipe."

Sikuwa nayo. Mvuke wa pilau ulikuwa unanipanda usoni.

"Basi piga picha," akasema Ambwene. "Ndicho tulichokuitia."

Akabeba kreti zake akaingia ndani.

*

Keki ikakatwa, wakalishana, mama mnene wa meza ya tatu akapiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka. Fundi bomba wa Mwezini akapiga makofi tulipokwisha kukaa.

MC akasema, "Sasa wapendwa, tutulie. Bibi harusi anakwenda kupokea baraka za bibi yake mzaa mama."

Subilaga akaja na gauni lake refu, akapiga magoti mbele ya kiti. Mumewe, Lwitiko, akabaki nyuma yake. Kivuli kikanyoosha mkono wa mwanga juu ya kichwa chake.

"Mjukuu wangu," kikasema, na ilikuwa sauti ya Bibi Tupokigwe kabisa, ile ya ibada ya asubuhi, "Mungu aliyekulea ailinde nyumba yako. Uwe na subira kwa mumeo, naye awe na subira kwako."

Watu wakasema amina. Wengine walikuwa wanafuta machozi. Nikatazama kioo cha kamera. Kwenye uso wa Bibi hakukuwa na kitu.

Ningeweza kulenga kwa mkono. Lenzi ina pete yake, unaizungusha kwa vidole kama walivyofanya wazee, na kamera inakutii bila kuuliza kama kuna mtu. Picha ingetoka safi. Ingewekwa sebuleni, na Subilaga angewaonyesha watoto wake: hapa Bibi ananibariki. Kidole changu kilikuwa kwenye pete tayari.

Kisanduku kikaja. Kijani, juu ya jicho. Kivuli kikakatiza neno katikati, mdomo ukabaki wazi, macho yakatazama juu kama mtu anayetazama dari. Kisha kisanduku kikaondoka na tabasamu likarudi mahali pake. "Na watoto, Mungu akujalie watoto," kikaendelea.

Alikuwa bado yupo. Hilo Ambwene hakuliweka kwenye mizani yake. Hakukuwa na haja ya kwenda Mbeya. Mbeya ilikuwa imekaa kwenye kile kiti, ikija na kuondoka.

Nikaenda nikachuchumaa kando ya bibi harusi.

"Anko Asa, picha haitoki?" akaniuliza kwa sauti ya chini, bado anatabasamu kwa ajili ya watu.

"Kamera!" MC akasema. "Unaposa? Umechelewa, mahari imeshapokelewa."

Wakacheka. Nikageuza kioo cha kamera kimwelekee Subilaga, lenzi ikiwa bado kwa Bibi.

"Angalia hapa, mwanangu," nikamnong'oneza. "Kisanduku cha kijani kikija, huyo ni Bibi yako. Kisipokuwepo, kinaongea kiti. Anaondoka, Subi. Anaondoka sasa hivi. Kikija, ongea naye."

Alinitazama. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Aligeuka akamtafuta mjomba wake, akamwona kando ya meza ya soda, na Ambwene akaangalia sakafu. Hiyo ilimtosha. Akarudisha macho kwenye kioo.

"Nyumba yako iwe na amani," kiti kikasema, "na wageni wasikose..."

Subilaga hakujibu. Ukumbi ukangoja.

Kijani.

"Bibi."

Tabasamu likaanguka usoni pa kivuli kama nguo inavyoanguka kwenye kamba. Pumzi nzito ikasikika kwenye spika, yenye mikwaruzo.

"Bibi, ni mimi. Subi."

Macho yalishuka kutoka kwenye dari. Yalitafuta. Yakampata. Niliyaona yakimpata, na kwenye kioo mstari wa kisanduku ulikolea.

"Umekula?" Bibi akauliza.

Subilaga akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au nini. "Bado, Bibi."

"Kula."

Kisanduku kikaondoka. Papo hapo kivuli kikanyooka, kikatabasamu vizuri. "Mungu akubariki, mjukuu wangu, leo ni siku ya furaha." Subilaga akainua kiganja, kama unavyomzuia mtoto anayeingilia maongezi ya wakubwa, na akangoja. Watu sasa walikuwa wamesimama. Walio karibu walikuwa wanachungulia kioo changu. Niliegemeza kiwiko kwenye goti ili kioo kisitikisike.

Kikaja.

"Bibi, nimeolewa. Mume wangu huyu hapa."

Lwitiko akapiga magoti upesi, suti ikapasuka mahali fulani.

Pumzi. Pumzi nyingine. "Mbona mrefu," Bibi akasema. "Ainame."

Akainama mpaka paji la uso likagusa goti la mwanga. Hakuna mtu aliyecheka. Kisanduku kikaondoka, na safari hii kikachelewa kurudi. Kiti kilisema baraka zote zinazojulikana, moja baada ya nyingine, kwa sauti tamu, na hakuna aliyesema amina.

Kikaja hafifu, mistari yake inafifia na kukolea. Bibi alimtazama mjukuu wake tu. Nimepiga picha za macho ya watu maisha yangu yote, na jicho linalotazama hivyo sikuwahi kulipata, wala hilo sikulipiga picha. Sikuthubutu.

"Ndaga, Bibi," Subilaga akasema. Ndivyo tunavyoshukuru kwetu. "Ndaga fijo."

Mistari ikakaa. Ikakaa. Ikaondoka.

Tukangoja. Jikoni mtu aliangusha kifuniko cha sufuria, akakizuia kisilie.

"Asante, mjukuu wangu," kiti kikasema. "Harusi yako imependeza sana."

Subilaga hakuondoa macho kwenye kioo mpaka alipokuwa na hakika. "Mjomba," akasema. "Zima."

"Subi, watu wata..."

"Mjomba, zima hicho kiti."

Ambwene akaja, bado ana kifungulio cha chupa mkononi. Akainama, akasogeza maua, akabonyeza. Mwanga ukaingia ndani ya fremu kama maji yanavyoingia mchangani. Kikabaki kiti cha kawaida, chenye kitambaa cheupe na mto wa sponji. Na wakati sisi tumeshajua, kule meza ya pili uso wa fundi bomba wa Mwezini ulikuwa bado unatabasamu kidogo. Kisha habari ikamfikia. Akavua kofia yake ya kazi.

Subilaga akasimama. Hakuchukua kipaza sauti.

"Bibi yangu amefariki," akasema. "Ameniaga. Alitaka harusi yangu isisimame, na haitasimama. Ila msinifiche tena."

Wapiga ngoma walikuwa kwenye kona na ngoma zao katikati ya miguu, wanatazamana. Kwetu ngoma hupigwa msibani na hupigwa harusini, lakini si kwa wakati mmoja.

"Pigeni," akawaambia.

"Ipi, dada?" mkubwa wao akauliza. Aliuliza kweli, hakujua.

"Ya msiba kwanza. Mkimaliza, ya harusi."

Ngoma ikaanza. Akina mama wakalia na wakaingia kucheza wakiwa wanalia, na wanaume wakafuata wakikanyaga sakafu mpaka glasi zikatikisika. Nikainua kamera kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu. Visanduku vya kijani vikajaa kioo kizima. Meza zote, milango yote, wapishi waliotoka jikoni na miko yao, mama mnene bila kilemba, bwana harusi na suti yake iliyopasuka. Kila jicho linatetemeka, kila kope inapiga. Sikuwahi kujua ni wengi kiasi hicho. Kila siku ya kazi navitafuta kimojakimoja, na siku zote vilikuwa hivi, vimejaa hivi.

Nikaiacha kamera ichague yenyewe. Ilipita kwa bibi harusi, ikapita kwa wachezaji, ikaenda ukutani ikasimama kwa Ambwene.

Alikuwa amerudi kwenye meza ya soda. Alikuwa anafungua chupa, anaiweka, anachukua nyingine, anafungua, anaiweka, na hapakuwa na mtu anayezichukua. Tangu nilipotoka jikoni nilikuwa nimemkasirikia. Nilimfikiria kama mjomba wa bibi harusi tu. Nilimtajia mama yake kwa mdomo wangu, lakini haikunijia hata mara moja kwamba anayefiwa ni yeye, na kwamba tangu kanisani alikuwa anajua, na anagawa soda.

Nikaweka kamera mezani, ikitazama dari, nikaenda kumshika mkono.